Herufi A na T Zinavyodanganya: Kulinganisha Mifuatano ya Jenomu ya Kimelea cha Malaria

Habari za mchana nyote. Ubaoni nimeandika vipande viwili vya DNA: GATTA na GATA. Tuvipange sambamba, herufi chini ya herufi, kwa kanuni hii: herufi zikifanana tunatoa alama 1, zikitofautiana tunakata 1, na kila pengo tunakata 2.

Njia ya Needleman na Wunsch, ya mwaka 1970, ni ya jedwali. Kipande kimoja kinakaa juu, kingine ubavuni. Mstari wa juu unaanza 0, kisha −2, −4, −6, maana kuanza na pengo kuna gharama. Safu ya kushoto vivyo hivyo. Kila kisanduku kingine kina majirani watatu wa kuulizwa: ukitoka kwa yule wa mshazari, ongeza 1 au kata 1, ukitoka juu au kushoto, kata 2. Chukua jibu kubwa kuliko yote, uchore mshale wa kulikotoka. G kwa G inapata 1. Jirani yake, G kwa A, anapata −1. Mkifika kona ya mwisho mtakuta 2, kisha mnarudi nyuma kwa kufuata mishale.

Njiani mnakuta njia panda. Pengo linaweza kukaa chini ya T ya kwanza au ya pili, na alama ni 2 ileile. Jedwali halina la kusema. Programu inachagua kwa mazoea yake tu. Kwenye GATTA ni jambo dogo. Kwenye T 20 mfululizo, programu mbili zitaripoti upungufu mmoja mahali pawili tofauti, na anayehesabu mabadiliko atahesabu mawili. Ndiyo maana, kabla ya kulinganisha orodha za mabadiliko, kila pengo husogezwa kushoto mpaka lisiweze kwenda tena.

T mfululizo nimezitaja makusudi. Jenomu ya Plasmodium falciparum, kimelea chetu cha malaria, iliyochapishwa mwaka 2002, ina herufi takriban milioni 23 katika kromosomu 14, na takriban asilimia 80 ya herufi hizo ni A au T. Kati ya jeni na jeni, kiwango hicho hukaribia asilimia 90. Njia zetu nyingi zilizaliwa zikidhani herufi nne zimegawana sawa. Hapo ndipo penye kasoro.

Tupige hesabu. Herufi zikigawana sawa, uwezekano wa mbili kufanana kwa bahati ni robo, 0.25. A na T zikiwa 0.4 kila moja, G na C 0.1 kila moja, uwezekano unakuwa 0.16 + 0.16 + 0.01 + 0.01, yaani 0.34. Kwenye asilimia 90 unafika 0.41. Tofauti yaonekana ndogo, lakini BLAST, programu ya mwaka 1990 ya kutafuta mifuatano inayofanana, haijazi jedwali zima. Inaanza kwa kutafuta neno fupi linalolingana kabisa, kwa DNA mara nyingi herufi 11. Kwenye jenomu ya herufi milioni 23 iliyogawana sawa, neno la herufi 11 litaokotwa kwa bahati mara 5 hivi. Kwa 0.34, wastani unapanda kupita mara 160, kwa uzi mmoja tu wa DNA! Kila okoto ni kazi ya kompyuta, na mengi ni takataka. (Angalizo kwa wanaoandika amri: blastn bila maelekezo zaidi hutumia neno la herufi 28, linalofaa mifuatano inayokaribiana sana. Kwa jamaa wa mbali andikeni -task blastn, la sivyo mtarudi mikono mitupu mkadhani jeni haipo.)

Dawa ya kwanza ni kupima upya thamani ya herufi. Alama nzuri ni logi ya uwiano: mara ngapi jozi hii huonekana kwenye mifuatano yenye asili moja, ukigawa kwa mara ambazo ingeonekana kwa bahati. Tuseme jamaa wanabaki na herufi yao kwa asilimia 95. A kwa A: 0.38 kugawa 0.16 ni 2.375, sawa na biti 1.25 (biti ni logi ya msingi wa 2). G kwa G: 0.095 kugawa 0.01 ni 9.5, biti 3.25. G iliyolingana ina uzito wa biti mbili zaidi, na programu inayozipa zote 5 imetupa ushahidi huo. Tena, kwa kanuni ya +5 na −4, wastani wa alama kwa kila jozi ya bahati ni −1.75 pale herufi zinapogawana sawa, ila kwa 0.41 ni −0.31. Wastani huo ukivuka sifuri, njia ya Smith na Waterman, inayotafuta kipande bora ndani ya mifuatano, haitajua pa kusimama. Itarefusha mpaka mwisho.

Dawa ya pili ni kufunika sehemu zinazojirudia: programu ya DUST kwa DNA, ya SEG kwa protini. Protini za kimelea hiki zina asparajini, moja ya amino asidi zinazojenga protini, mfululizo, na mfululizo wa namna hiyo utapata alama za juu dhidi ya mfululizo mwingine wowote wa asparajini bila undugu wowote. Lakini msifunike kwa kufuta. Funikeni kwa herufi ndogo, ili neno la kuanzia lisichukuliwe humo lakini urefushaji uweze kupita juu yake. Ukifuta, protini moja nzima inarudi kwako vipande vitatu.

Sasa jeni moja mahususi, pfcrt, inayohusika na usugu dhidi ya klorokwini, dawa ya malaria. Amino asidi za 72 hadi 76 kwa kimelea kinachokufa kwa klorokwini ni CVMNK, herufi moja kwa kila amino asidi. Kwenye aina sugu iliyoenea Afrika ni CVIET. Kwa jedwali la BLOSUM62, linalotoa alama kwa kila jozi ya amino asidi, CVMNK dhidi ya yenyewe ni 29, dhidi ya CVIET ni 13. Pointi 16 ndani ya protini ya amino asidi 424 hazionekani kabisa kwenye jumla. Alama kubwa inasema tu kwamba jeni ni ileile. Usugu unausoma kwenye safu yenyewe.

Na safu hiyo inaweza kuhama. Kodoni (herufi tatu za DNA zinazotaja amino asidi moja) tatu za mwisho ni ATGAATAAA kwa kimelea cha kwanza, ATTGAAACA kwa sugu. Zipangeni bila pengo: 5 zinafanana, 4 zinatofautiana, alama 1. Sasa wekeni mapengo mawili:

AT-GAATAAA
ATTGAA-ACA

Kufanana 7, kutofautiana 1, mapengo 2: alama 2. Kanuni yetu ya ubaoni imechagua jibu lisilo na maana kibiolojia, kwa sababu A zimejaa kila upande na pengo limeuzwa rahisi mno. Kufungua pengo kukikata 5 badala ya 2, jibu la mapengo linashuka hadi −4 na lile la kwanza linashinda. Njia salama zaidi ni kutafsiri kwanza, kupanga protini, kisha kurudisha kodoni tatu tatu chini ya kila amino asidi. Na mnapohesabu hadi 76, hesabuni herufi za mfuatano rejea peke yake, mkiruka mapengo na introni, yaani sehemu za jeni zisizotafsiriwa kuwa protini. Pfcrt ina eksoni 13, yaani vipande vinavyobaki introni zikiondolewa, na atakayehesabu kwenye DNA ghafi atasoma kodoni ya mahali pengine.