Kaboni Imerudi, Mbao Bado

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuja. Nitaanzia M'Baïki, kusini magharibi mwa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Swali ni hili: msitu ukivunwa mbao, hupona, na kwa muda gani? Huko tunalo jibu lililopatikana kwa kupima, tena kwa subira.

Mwaka 1982 watafiti walianza kutenga vipande vya msitu, jumla kumi, kila kimoja hekta 4. Vingine viliachwa kama vilivyo. Vingine, mwaka 1984 na 1985, vilivunwa kwa kuchagua: ikakatwa miti minene tu, yenye kipenyo cha sentimeta 80 au zaidi, kati ya 2 na 9 kwa hekta. Katika baadhi ya vipande hivyo wakapunguza pia miti mingine ili iliyobaki ipate nafasi. Kisha mashina yakawa yanapimwa, miaka nenda miaka rudi. Kazi hii inataka uangalifu mkubwa: ukishusha utepe kidogo tu chini ya alama ya mwaka jana, mti utaonekana umenenepa kumbe haukuongezeka chochote. Kutokana na unene, pamoja na uzito wa mbao ya aina ile, hukadiriwa uzani mkavu wa mti, na karibu nusu ya uzani huo ni kaboni.

Walipopiga hesabu ya miaka 24, msitu ulikuwa umerudisha kwa wastani asilimia 144 ya uzani uliopotea. Vipande ambavyo havikuguswa viliongeza tani 2.6 hivi kwa hekta kila mwaka. Vilivyovunwa, tani 4.8, vilivyovunwa na kupunguzwa, tani 8. Sababu kubwa ni mwanga. Mti mkubwa ukianguka, ile ya kimo cha kati iliyodumaa kivulini miaka mingi hupata jua, ikaanza kunenepa kwa kasi. Hapo hapo huchipua miti ya haraka kama parasolia, yenye majani yaliyofunguka kama mwavuli na mbao nyepesi.

Sasa naomba mnisikilize vizuri. Mbao za biashara zilirudi asilimia 41 tu. Kwenye hesabu ya kaboni, tani ya parasolia na tani ya sapeli, mti wa mbao ya thamani, ni sawa. Kwa mpasua mbao si sawa hata kidogo, wala kwa msitu wenyewe. Na mipango mingi ya uvunaji Afrika ya Kati humruhusu mvunaji kurudi baada ya miaka 25 hadi 30. Naona ni mapema mno.

Tena si kila msitu hupona hivyo. Kibale, magharibi mwa Uganda, kuna sehemu zilizokatwa sana mwishoni mwa miaka ya 1960. Vichaka vizito vya akanthasi vikafunika ardhi, tembo wakayapenda maeneo hayo na kuvunja miche, na kwa miongo kadhaa miti ikashindwa kuziba tena mapengo ya msitu.

Kwa hiyo mwenye kibali cha kuvuna akija na hesabu ya kaboni peke yake ili aruhusiwe kukata tena, mwambieni alete na daftari la miti: sapeli ngapi zenye kipenyo cha sentimeta 40 hadi 60 zimebaki zimesimama, na ngapi zilivunjwa na tingatinga lilipokuwa likiburuta magogo.