Choo Kikipauka
Mhadhara kwa wahudumu wa afya ya jamii, Nairobi

Hamjambo nyote. Nani amechinja kuku wiki hii? Inueni mikono. Basi nyinyi nyongo mnaijua. Mnajua inavyobanwa kwa vidole viwili na kukatwa pamoja na kipande cha ini isije ikapasuka, maana ikimwagika, nyama yote chungu. Kifuko kile cha kijani mnachokitupa ndicho kilichonileta hapa, pamoja na mirija yake.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha kamera, kile ambacho mgonjwa hushushwa mpira kupitia mdomoni. Wengi ninaowapokea wamechelewa, na si kwa uzembe. Walikuwa wakitibiwa kitu kingine: taifodi, malaria, vidonda vya tumbo, mzio wa sabuni. Kwa hiyo nina swali moja ambalo naomba mlibebe hadi kwenye kila mlango mnaobisha: choo chako kina rangi gani?

Ini la mtu mzima hutengeneza nyongo kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Fikirieni mito yetu hapa: Ngong na Mathare inaingia Mto Nairobi, kisha maji yote yanashuka kuelekea Athi. Ndani ya ini ni hivyo hivyo. Vijito vyembamba vinaungana, vya kulia na vya kushoto, hadi unapatikana mrija mmoja mkuu. Mfuko wa nyongo umekaa pembeni kama bwawa, unaiweka akiba na kuikamua tukila mafuta. Mrija mkuu unapita kwenye kichwa cha kongosho, kisha unamwaga mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Upana wake ni kama milimita 6 tu. Jiwe la nyongo iliyoganda, hata liwe dogo kama punje ya hindi, linatosha kuuziba.

Ukizibwa, rangi zinabadilishana mahali. Kinachokipa choo rangi ya kahawia kinatoka kwenye nyongo. Isipofika utumboni, choo kinapauka kama majivu au udongo wa kufinyangia. Rangi hiyo inarudi kwenye damu, figo zinaitoa, na mkojo unakuwa kama strungi hata kwa mtu aliyekunywa maji vizuri. Macho yanageuka manjano. Ngozi inawasha, hasa viganja na nyayo, na usiku ndio hatari.

Hapo kwenye kuwashwa nitakaa kidogo. Shangazi yangu alijikuna miezi mitatu. Kwenye kliniki moja alipewa mafuta ya kupaka, akaambiwa abadilishe sabuni ya kufulia. Alirudi, akapewa mafuta mengine. Usiku alikuwa akikaa kitandani akisugua nyayo kwa brashi ya kufulia. Hakuna aliyemuuliza kuhusu choo, naye asingelisema mwenyewe. Mama wa umri wake hatazungumza habari za choo mbele ya kijana mwenye koti jeupe. Nilipomwona kwenye matanga ya jirani, macho yake tayari yalikuwa ya njano. Ilikuwa saratani ya kichwa cha kongosho, nayo ilikuwa imekwisha kuzingira mishipa mikubwa ya damu, kwa hiyo upasuaji haukuwezekana. Aliwekewa stenti, yaani kibomba kinachoacha nyongo ipite, na baada ya siku chache akalala usiku kucha kwa mara ya kwanza. Alitushukuru kwa usingizi ule hadi alipotuaga. Mpaka leo mtu akiniambia anawashwa mwili mzima na hana vipele, nauliza kuhusu choo kabla ya kitu kingine.

Halafu hili jina. Mtaani kila mwenye macho ya njano huambiwa ana "homa ya manjano". Homa ya manjano ni ugonjwa wa virusi unaoletwa na mbu, kama ule uliozuka Isiolo mwaka 2022. Umanjano ni dalili tu. Unaweza kutoka kwenye damu inayovunjika, kwenye ini lenyewe, au kwenye mrija ulioziba, na matibabu ya hayo matatu hayafanani kabisa.

Tunayatofautishaje? Damu inapimwa kwanza. Bilirubini, yaani ile rangi ya nyongo, ikiwa imepanda, hasa ile ambayo ini limekwisha kuishughulikia, pamoja na kimeng'enya kiitwacho alkalini fosfatasi, inatuelekeza kwenye mrija. Kisha ultrasaundi ya tumbo. Hiki ndicho kipimo cha kuanzia, hakina sindano wala mionzi. Kinaonyesha vizuri mawe yaliyo mfukoni na mrija uliopanuka. Lakini jiwe lililokwama chini kabisa linaweza kufichwa na hewa ya utumbo. Kwa hiyo karatasi ikisema mrija umepanuka na jiwe halikuonekana, msimwambie mgonjwa yuko salama. Hapo hutakiwa MRI ya mirija, ambayo inaichora yote bila kuingiza kitu mwilini.

Mkiona herufi ERCP kwenye karatasi ya rufaa, ndiko kwangu. Ilifanywa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1968, wakati huo kwa kutazama tu. Mwaka 1974 madaktari wa Ujerumani na Japani wakaanza kukata ule mlango mdogo wa mrija kwa waya wenye umeme, na tangu hapo jiwe linaweza kutolewa bila kupasua tumbo. Mgonjwa analazwa usingizi, kamera inashushwa hadi mlangoni pa mrija, dawa inayoonekana kwenye eksirei inaingizwa, halafu jiwe linavutwa kwa puto au kwa kijikapu cha waya. Wengine tunawatoa machozi tunapowaonyesha lile jiwe. Si jambo la kufanya ovyo: katika kila watu 100, wachache huvimba kongosho baadaye, na baadhi yao huugua sana. Ndiyo maana kwanza tunatafuta uhakika kwa picha, ndipo tunaingia kutibu.

Jiwe likitoka mrijani, mfuko ulioliachia bado upo. Mgonjwa akiambiwa arudi kuutoa, msaidieni arudi. Na familia zenye selimundu, yaani sickle cell, mziangalie kwa karibu: damu inayovunjika kila mara hutengeneza mawe hata kwa watoto.

Sasa sikilizeni hili hata kama mtasahau yote. Maumivu chini ya mbavu za kulia, homa ya kutetemeka, na umanjano. Daktari Mfaransa Charcot aliyaeleza hayo matatu pamoja mwaka 1877, na hadi leo maana yake ni usaha nyuma ya kizuizi. Akianza kuchanganyikiwa au presha ikashuka, uhai wake unahesabiwa kwa saa. Antibayotiki lazima, lakini hazitoshi. Mrija lazima ufunguliwe. Usimwache asubiri Jumatatu. Tafuta gari usiku huo.

Jambo linaloniumiza zaidi kazini ni stenti iliyosahaulika. Ile ya plastiki huanza kuziba baada ya miezi kama mitatu, na lazima itolewe au ibadilishwe. Mtu anapona kuwashwa, macho yanakuwa meupe, anarudi kibandani kwake Gikomba kuuza, nauli ya kliniki inakuwa karo ya mtoto. Anarudi kwetu baada ya mwaka akitetemeka. Naomba kila mmoja wenu, kwenye daftari la nyumba zake, aandike nani ana stenti na tarehe ya kurudi. Mpigie simu wiki mbili kabla. Hakuna mashine ya kufanya hilo, ni nyinyi.

Mama pale mbele ameuliza kuhusu mafuta ya zeituni na ndimu, ambayo ujumbe wake unazunguka kwenye simu zetu. Ni kweli, mama, ukinywa vitu hivyo utaona madonge ya kijani chooni. Watafiti waliyapima. Ni sabuni, iliyotengenezwa tumboni na mafuta yale yale uliyokunywa. Mawe yako bado yako pale pale.

Na dada mwenye mtoto mgongoni ameuliza kuhusu watoto wachanga. Nashukuru umeuliza. Wachanga wengi huwa na umanjano wiki ya kwanza na wengi hupona, ndiyo maana kila bibi husema "mwanike juani asubuhi". Lakini mtoto ambaye bado ni wa njano baada ya siku 14 apimwe damu, hata kama ananyonya vizuri na anacheka. Wako wachache ambao mirija yao imejifunga. Daktari Mjapani Morio Kasai alibuni upasuaji wa kuunganisha utumbo moja kwa moja na ini, na mwaka 1959 akauchapisha. Unafanya kazi vizuri zaidi ukifanywa kabla ya siku 60. Baada ya hapo ini linaendelea kuwa na makovu, na jua halitalisafisha.

Kwa hiyo mkimtembelea mzazi, msiridhike na uso wa mtoto. Ombeni nepi, muifungue dirishani penye mwanga wa mchana. Ikiwa choo ni cheupe au rangi ya ugali, msimwambie asubiri siku ya chanjo. Ifungeni ile nepi kwenye mfuko wa nailoni, mwende nayo pamoja na mtoto hospitalini siku hiyo hiyo, na daktari aione kwa macho yake.