Siku Iliyopita Haidaiwi

Mwanakondoo ameshinda! Tumfuate. Asanteni. Ketini, na ninyi mliobanana kule nyuma sogeeni, huku mbele viti vipo.

Nimepewa mada ndefu: jinsi ya kudumu katika mazoezi ya mwili na ibada binafsi, kila siku, kwa miaka. Sitaeleza kwa nini mazoezi yanafaa wala kwa nini Mkristo asome Neno na kuomba. Hayo mmeyasikia tangu darasa la kipaimara, na wengi wenu presha na sukari zimekwisha kuwahubiria. Kazi yangu ni fiziotherapia, kwa hiyo mchana kutwa nashughulika na magoti, migongo na mabega. Jioni, kama mzee wa kanisa, naketi na watu wanaosema, "Mzee, zamani nilikuwa naomba sana." Pande zote mbili nakuta shida ile ile. Watu wetu wanajua kuanza, tena wanaanza kwa nguvu. Wanapoangukia ni siku ile wanayorudi baada ya kukosa.

Nalisema hili kila ninapoitwa, na wapo hapa waliokwisha kulisikia kwangu zaidi ya mara moja. Nitalisema tena, kwa sababu kila Januari tunafanya vile vile.

Chukueni mpango wa kusoma Biblia nzima kwa mwaka. Biblia ina sura 1,189. Zigawe kwa siku 365, unapata sura tatu na kidogo kwa siku. Tarehe 1 Januari mtu anafungua Mwanzo, na Mwanzo ni mambo ya nyumbani: ndugu wanaoneana wivu, wake wenza, mjomba anayemdhulumu mpwa wake mshahara. Unasoma huku chai inapoa. Kutoka nayo inakwenda vizuri mpaka mmevuka Bahari ya Shamu, halafu yanaanza mapazia, vitanzi na mbao za hema. Kwa hesabu hiyo, usiporuka hata siku moja, Mambo ya Walawi unaifungua kama tarehe 28 Januari. Na tarehe 28 Januari mnaijua! Ada na sare za shule zimekomba mfuko, mahindi shambani yanataka mbolea, na simu inaita kwamba mjomba amefariki Tukuyu. Unakwenda msibani, unakaa siku tano. Kwenye msiba nani anasoma sura tatu za Walawi?

Unarudi nyumbani. Sasa una sura 16 ulizokosa, na za leo juu yake. Karibu 20. Unajiambia, Jumamosi nitaketi nizimalize. Jumamosi ni kikao cha harusi. Jumapili uko kwaya. Jumatatu zinakaribia 30, na kile kitabu ulichokuwa ukikifungua kwa furaha kimekuwa daftari la mkopo. Na mtu akidaiwa asichoweza kulipa hufanya nini? Anabadilisha njia, anapita uchochoroni ili asionekane dukani kwa anayemdai. (Vicheko.) Mnacheka kwa sababu njia hiyo mnaifahamu! Basi ndivyo waumini wazuri, wenye dhamiri safi, wanavyoanza kumkwepa Mungu wao. Hawakuasi. Hawakupoteza imani. Wanaona aibu tu kwa ajili ya sura 30 ambazo Mungu mwenyewe hakuwahi kuwadai.

Hakuwadai! Nionyesheni mstari.

Mwaka 1842 mchungaji kijana wa Dundee kule Uskoti, Robert Murray M'Cheyne, aliwaandalia washirika wake ratiba ya kusoma Agano la Kale mara moja kwa mwaka, na Agano Jipya pamoja na Zaburi mara mbili. Ratiba hiyo ingali inatumika duniani kote. Lakini wanaoisambaza wengi hawasemi kwamba M'Cheyne alitangulia kuorodhesha hatari zake kabla ya faida. Alionya juu ya kusoma kwa mazoea, juu ya kujihesabia haki, juu ya kusoma haraka haraka bila kujali, na juu ya ratiba kugeuka nira nzito. Akawaambia walioelemewa waitupe pingu hiyo, wajilishe kwa uhuru. Hayo ni maneno ya aliyeitunga mwenyewe! Mwaka uliofuata alifariki, ana miaka 29. Sisi tumeichukua ratiba yake, onyo lake tukaliacha Uskoti.

Sasa fungueni Kutoka 16, habari ya mana. Kila mtu aliokota ya siku hiyo, pishi kwa kila kichwa. Waliobakiza mpaka asubuhi, ikaingia mabuu na kunuka. Tunaihubiri sana upande huo, kwamba usilimbikize. Geuzeni upande wa pili. Je, aliyekuwa mgonjwa jana, hakutoka hemani, Musa alimwamuru leo aokote pishi mbili afidie? Sioni. Mbili ziliokotwa siku ya sita tu, kwa ajili ya Sabato iliyo mbele. Kwa ajili ya siku iliyopita hakuna aliyeokota kitu, maana jua lilipokuwa kali iliyobaki uwandani iliyeyuka. Mana ya jana haipo. Iliyopo ni ya leo, imeanguka mlangoni pako, nawe umeketi ndani unapiga hesabu ya sura 30.

Na sisi Wamoravian tungepaswa kulijua hili kuliko wengine. Tukiadhimisha, tunataja Rungwe 1891, wamisionari wetu walipofika, na ni vizuri. Lakini rudini nyuma hadi Herrnhut, mashariki mwa Ujerumani. Wakimbizi waliokuja kwenye shamba la Zinzendorf, bwana mmoja tajiri aliyewakaribisha, walianza kujenga mwaka 1722, na miaka mitano baadaye walikuwa wamegombana karibu kuvunjika. Agosti 13, 1727 wakashiriki Meza ya Bwana pamoja, mioyo ikapatana. Sikilizeni walichofanya baada ya uamsho ule, maana sisi tukipata uamsho tunafunga siku tatu, tunakesha, sauti zinakauka, na wiki ya pili kanisa limebaki na mlinzi. Wao walikaa chini na saa. Mwezi huo huo wanaume 24 na wanawake 24 wakagawana saa za siku, kila mmoja akashika saa yake moja ya kuomba. Saa moja tu! Hakuna aliyeambiwa aombe usiku kucha. Na zamu hiyo ya maombi ikaendelea zaidi ya miaka 100. Walioianza wakafa, wakazikwa, wengine wakashika.

Halafu Mei 3, 1728 Zinzendorf akawapa washirika wa Herrnhut neno moja fupi la kukaa nalo kesho yake. Ikawa desturi: ndugu mmoja anapita nyumba kwa nyumba asubuhi, anawapelekea neno la siku na kuwajulia hali. Mwaka 1731 maneno ya mwaka mzima yakachapwa kitabu, na hakijakoma tangu wakati huo. Leo kinatoka kwa lugha zaidi ya 50. Mwangalieni mtu yule anayegonga mlango. Je, aligonga akisema, "Dada, juzi ulikuwa na homa, kwa hiyo leo nakuletea matatu"? Alileta la leo. Ukilikosa la Jumanne, Jumatano analeta la Jumatano. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siri ya karibu miaka 300: kipimo ni kidogo, saa inajulikana, kuna mtu anayegonga mlango, na hakuna deni linalobebwa kwenda kesho.

Najua kuna mtu hapa anawaza, mzee huyu anafungulia uvivu mlango. Swali hilo naulizwa kila mahali, na huwa linanitia hasira kidogo. Mvivu hahangaiki na sura alizokosa! Mvivu amelala vizuri. Wanaoacha kwa ajili ya deni ni wale wenye bidii, wanaotaka kufanya kwa ukamilifu au wasifanye kabisa. Nami siwaambii kukosa si kitu. Nasema ukikosa jana, toba yake ni kuamka leo na kufanya ya leo. Hiyo ni ngumu kuliko kulipa deni, kwa sababu haikupi nafasi ya kujivunia kwamba umefidia.

Tena wanasayansi wamekuta hivyo hivyo. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akijijengea zoea moja dogo la kila siku. Matokeo yakachapishwa na kusambaa mwaka 2010. Kwa wastani ilichukua siku 66 zoea kuota mizizi, lakini kulikuwa na wa siku 18 na makadirio yaliyofika 254. Na mazoezi ya mwili yalichelewa kuliko kunywa maji. Kwa hiyo hizi siku 21 mnazotangaziwa ziwekeni kando. Zilitoka kwa daktari mmoja wa upasuaji Marekani, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 kuzoea sura zao mpya. Sura ya uso, si kukimbia! Na jambo ninalolipenda katika utafiti wa London ni hili: kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Zoea liliendelea kujengeka kana kwamba siku ile haikukosekana.

Basi mwilini ni hayo hayo, tena huku deni linavunja mifupa. Mtu amekaa ofisini au juu ya bodaboda wiki nzima, Jumamosi anavaa fulana ya klabu ya jogingi, anataka kulipa wiki nzima asubuhi moja, anakimbia kupanda kuelekea mlima Loleza. Jumatatu yuko kwangu, goti limejaa kama papai. Nawauguza, nawapenda, lakini wacheni! Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, mwendo unaokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Dakika 30 mara tano zinatosha kufika 150. Na mwongozo wa mwaka 2020 uliondoa lile sharti la zamani kwamba kila kipindi kifike dakika 10. Ngazi za ofisini zinahesabika. Kwenda sokoni Mwanjelwa kwa miguu kunahesabika. Hizo hatua 10,000 mnazofukuzana nazo kwenye simu zilianza na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Usikose usingizi kwa sababu umefikisha 6,000.

Baba mmoja ataniambia, mimi ni mkulima. Sawa. Ukibeba ndizi kwenye miteremko ya Rungwe sina la kukufundisha, labda jinsi ya kuinua mzigo kwa miguu badala ya kiuno. Nasema na mwanao aliyehamia dukani mjini, akabaki anakula kama mkulima.

Mwingine atanisomea 1 Timotheo 4:8, kwamba kujizoeza kupata nguvu za mwili "kwafaa kidogo". Amina. Kidogo si bure. Na aliyeandika hivyo, Paulo, someni safari yake katika Matendo 20:13: wenzake walipanda merikebu kwenda Aso, yeye akaazimu kwenda kwa miguu, kama kilomita 30. Hakuhitaji kuhubiriwa mazoezi kwa sababu alikuwa anatembea. Wewe unapanda bajaji kutoka kanisani hadi kituoni.

Muda unakimbia, nipite haraka.

Saa na mahali. Mnakumbuka mchakamchaka shuleni? Hakuna aliyekuwa na hamu saa kumi na moja alfajiri, Juni hii yetu ya Mbeya, baridi inauma masikio. Tulikimbia kwa sababu kengele ililia na wenzetu walikuwa wanaimba. Tulipomaliza shule, kengele ikabaki shuleni na mazoezi yakabaki nayo. Danieli alikuwa na chumba kimoja, madirisha yakielekea Yerusalemu, mara tatu kila siku, na amri ya mfalme ilipotoka alifanya kama alivyokuwa akifanya siku zote. Chagua kiti chako na saa yako.

Unganisha vitu viwili. Wagonjwa wangu waliopata kiharusi nawapa zoezi la kuinuka kwenye kiti na kuketi, mara 10, kabla ya kufungua Biblia. Mama mmoja alikuwa akiinua visigino huku ameshika meza, akisema Baba Yetu polepole mpaka mwisho. Mguu uliimarika, na sala hakuiacha.

Kipimo. Agano Jipya lina sura 260. Sura moja Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki 52, ni 260 kamili, na Jumamosi na Jumapili ziko wazi. Siku ya msiba au homa, mstari mmoja na kuinuka kitini mara 10. Mnaonyonyesha na mnaofanya zamu za usiku, asubuhi yenu ni pale mnapoamka, hata ikiwa saa nane mchana.

Usingizi, chakula na simu kitandani sitayafikia leo. Mwenyekiti amekwisha kusimama. Kwenye meza ya mlangoni kuna karatasi yenye saa 24, kila saa ina nafasi mbili, ya mwanamume na ya mwanamke. Andika jina lako kwenye saa unayoiweza, moja tu. Karatasi ya pili ni ya kutembea. Wa Soweto na Mwanjelwa mtakutana hapa kanisani saa kumi na mbili asubuhi kuanzia kesho. Wa Uyole ni mbali, mchague mahali penu wenyewe na mmteue wa kugonga milango. Atakayekosa kesho, keshokutwa agongewe kama kawaida, na asiulizwe ya jana.