Kubadilishiwa Valvu, Kutoka na Betri

REHEMA: Karibuni tena. Mtu anakwenda kubadilishiwa valvu ya moyo, anatoka na betri kifuani, yaani kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo (pacemaker). Ndugu wanaulizana: nani kakosea? Dk. Baraka?

DK. BARAKA: Mara nyingi hakuna aliyekosea. Tatizo ni ujirani. Umeme wa moyo huanzia juu kulia, hushuka hadi kituo kilicho kati ya vyumba vya juu na vya chini, kisha huingia kwenye fungu jembamba la nyuzi. Daktari Wilhelm His alilieleza mwaka 1893, likabaki na jina lake. Fungu hilo linapita chini kidogo tu ya valvu ya aota, mlango wa damu inayotoka moyoni kwenda mwilini. Ni waya ndani ya fremu ya mlango.

REHEMA: Ukiigonga fremu, umeugonga waya.

DK. BARAKA: Hapo hapo. Na wengine umeme wao huwa umeshadhoofika kabla hawajaguswa na mtu. Uzeeni valvu ya aota huingia kalsiamu, ikakakamaa, na kalsiamu hiyo huweza kutambaa hadi kwenye nyuzi zenyewe.

REHEMA: Na maambukizi ya valvu?

DK. BARAKA: Hayo ndiyo yananinyima usingizi. Kwenye ECG, kipimo cha umeme wa moyo, umeme hutumia milisekunde 120 hadi 200 kutoka vyumba vya juu kufika vya chini. Mgonjwa mwenye maambukizi kwenye valvu ya aota akianza kuvuka 200, na jana hakuwa hivyo, siangalii tena homa peke yake. Nashuku jipu pembeni ya valvu limefika kwenye waya, na wapasuaji nawaita siku hiyo hiyo.

REHEMA: Tuje kwenye TAVI, ile ya kupitisha valvu kwenye mshipa wa pajani.

DK. BARAKA: Alain Cribier aliifanya kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 2002, Ufaransa. Valvu kuukuu haitolewi. Mpya inatanuliwa ndani yake, inaisukuma pembeni. Lile fungu la nyuzi hugawanyika matawi mawili, la kulia na la kushoto; la kushoto ndilo hubanwa zaidi. Sasa fikiria mgonjwa ambaye tawi lake la kulia lilishaziba zamani, hana habari. La kushoto nalo likizimika, anabaki na nini?

REHEMA: Hana njia.

DK. BARAKA: Ndiyo maana ECG ya kabla ya kazi naisoma mwenyewe. Sisomewi.

REHEMA: Betri inawekwa papo hapo?

DK. BARAKA: Si lazima. Huanza waya wa muda wa kuendesha mapigo, kwa sababu kizuizi kingine cha umeme ni uvimbe tu, hupungua baada ya siku chache. Kinyume chake pia kipo: mtu anaruhusiwa akiwa mzima, kizuizi kinamfuata nyumbani. Anazirai, watu wanasema uchovu wa operesheni. Kuzirai si uchovu, dada.

REHEMA: Valvu ya mitrali je, ile iliyo kati ya vyumba vya kushoto?

DK. BARAKA: Ikiwa nyembamba, chumba cha juu kushoto hutanuka na mapigo huvurugika. Hapo hofu kubwa ni damu kuganda. Hiyo ina kipindi chake.

REHEMA: Na dawa? Wengi wanameza za kushusha mapigo.

DK. BARAKA: Digoksini na dawa za kuzuia beta (beta-blockers) hupunguza kasi kwenye kituo kile kile cha katikati. Mapigo yakiwa ya chini mno, kwanza nauliza anameza nini. Ila asiache dawa mwenyewe. Aje nazo mkononi tuzihesabu pamoja.