Nyumba Hufa Kabla ya Tingatinga Kufika

Waheshimiwa, wanafunzi wangu, na ninyi wenye nyumba mliokuja kunisikiliza kwa mashaka, karibuni.

Jengo la kale likianguka Mtaa wa Samora, hapa katikati ya Dar es Salaam, lawama zote humwendea mwekezaji. Mimi namwona kama mtu aliyefika mazishini. Marehemu alishakufa zamani.

Tuanze na sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayahesabu kuwa kumbukumbu za kale za kulindwa majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Sasa pigeni hesabu. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu katika miaka hiyo hiyo ya 1860. Boma la Kale lenyewe, pale karibu na bandari, ni la 1866 au 1867. Yaani Dar es Salaam karibu yote imezaliwa imechelewa! Nyumba ya Mjerumani au ya Mhindi inabaki kumsubiri Waziri aitangaze kuwa ya kulindwa. Na cha kuchekesha, sheria hiyo hiyo inalinda mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940. Mlango una mlinzi, ukuta unaoushika hauna.

Kisha pesa. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi ya Wahindi wa katikati ya mji, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Wazee mpaka leo wanasema "nyumba za Msajili". Kodi ikakaa chini miaka nenda miaka rudi. Mpangaji atengeneze kisicho chake kwa nini? Na mmiliki atengeneze kwa kodi ipi? Paa likavuja, roshani zikaoza. Msajili alipounganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990, uchumi ulikuwa unafunguka, na kiwanja kikaishinda thamani nyumba iliyokaa juu yake. Hapo ubia wa Shirika na mwekezaji, kubomoa na kujenga ghorofa, ukawa hesabu nyepesi.

Kariakoo ni vilevile, ila mwenye nyumba ni ukoo. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita inaondoka, ghorofa linapanda, warithi wanapewa fremu kadhaa za maduka. Siwalaumu, fremu ya Kariakoo inasomesha watoto.

Ila msiniambie jipya ndilo salama. Machi 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa karibu na Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka, likaua watu 36.

Ninachoomba si kugandisha mji. Tarehe ya 1863 iondoke. Jengo lililofikisha miaka 50 lipimwe, lichorwe na kupigwa picha kabla ya kibali cha kubomoa kutoka. Lenye uso wa thamani, uso ubaki, ghorofa lipande nyuma yake. Mtaniuliza nani atalipa. Mwenye kuhifadhi asamehewe kodi ya jengo, na aruhusiwe kumuuzia jirani haki ya kujenga ghorofa ambazo yeye hakuzijenga.

Haya, maswali. Tuanze na wenye nyumba.