Lenga Kigingi: Kukata Miti Penye Nyumba Nyingi

MWALIMU: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Tuko Mbale, Vihiga, mimi na Fundi kama kawaida. Leo ni habari ya pawa, huu msumeno wa mnyororo unaonguruma kila kijiji tangu alfajiri. Fundi, karibu.

FUNDI: Ahsante, Mwalimu. Nianze na mahali tulipo. Sensa ya 2019 ilionyesha Vihiga ina watu zaidi ya 1,000 kwa kila kilomita mraba. Kwa hivyo mti wa hapa hauna pori la kuangukia. Huku kuna jiko la mama, kule kaburi la babu, mbele migomba ya jirani, na juu nyaya za stima. Anayekata mti hapa lazima ajue kulenga.

MWALIMU: Na vijana wetu wanalenga kwa kamba. Mmoja anakata, watatu wanavuta.

FUNDI: Kamba inasaidia, ila wanaovuta wakisimama karibu kuliko urefu wa mti, mti utawafikia. Kinachouongoza mti ni ile sehemu ambayo hukuikata. Tunaiita bawaba. Unaufungua mti mdomo, yaani unakata pengo, upande unaotaka uangukie, karibu robo ya unene wa shina. Kisha unaingia kwa nyuma, juu kidogo ya mdomo, unakata ukija mbele, na unaacha kabla hujaufikia. Shina la sentimita 40, bakisha kama sentimita 4, na unene uwe sawa kutoka ukingo hadi ukingo. Mti utashuka huku bado umeshikwa.

MWALIMU: Na akipitiliza?

FUNDI: Basi mti hauna tena wa kuushika. Unaweza kujizungusha juu ya kisiki, au kuteleza na kumwangukia yeye mwenyewe. Na bawaba ikiwa nyembamba upande mmoja, upande huo hukatika kwanza, mti ukavutwa kule kunene. Ukiona paa limepondwa, mara nyingi chanzo ni hicho.

MWALIMU: Ndipo unapokuja mchezo wenu wa kigingi.

FUNDI: Ndiyo. Hata mashindano ya dunia ya wakataji miti yana kipengele hicho. Unaangusha mti kuelekea kigingi, wanapima umekikosa kwa kiasi gani, na makosa ya usalama yanakupunguzia alama. Sisi tunacheza kirafiki, kwenye mikaratusi ambayo tayari imefika kuvunwa. Kigingi kinasimikwa, mkataji analenga, aliyekikaribia zaidi anaondoka na kreti ya soda.

MWALIMU: Hapo mimi nina wasiwasi, nikuambie ukweli. Vijana wakishindana, wanaharakisha.

FUNDI: Wasiwasi wako ni wa haki, Mwalimu, ndiyo maana hatushiki saa kabisa. Kabla hajawasha mashine, mshindani atuonyeshe njia yake ya kukimbilia: nyuma na kando, digrii 45 kutoka kwa mstari wa mti, imefyekwa, haina mizizi wala mashina ya mahindi ya kumkwaza. Watazamaji wakae umbali wa mara mbili ya urefu wa mti. Mtoto mmoja akivuka, tunasimamisha.

MWALIMU: Mavazi je? Nimeona watu wanakata na ndara.

FUNDI: Mwenye ndara hachezi. Buti, kofia ngumu, kinga ya macho na ya masikio, maana sauti ya pawa inapita desibeli 100. Halafu kuna suruali ya kinga. Ndani ina nyuzi ndefu. Cheni ikigusa, nyuzi zinachomoka, zinajisokota kwenye gia na mashine inakwama kabla ya kufika mfupa.

MWALIMU: Hiyo ni ghali kwa kijana wa kibarua.

FUNDI: Kikundi kinunue moja, aivae anayeshika mashine. Mguu hauna spea.

MWALIMU: Tuelezee ule mruko. Watu wengi hawauelewi.

FUNDI: Tazama ule upanga unaozungukwa na cheni. Ncha yake, nusu ya juu, ndiyo hatari. Ikigusa tawi au gogo lililojificha, meno yanashika na upanga wote unarushwa juu, kuelekea uso na shingo. Ni kufumba na kufumbua, huwezi kukwepa. Kwa hivyo kidole gumba cha mkono wa kushoto kizunguke mpini wa mbele, mkono usiwe umekunjuka tu juu yake. Breki ya cheni, ile ngao iliyo mbele ya mkono, iwe inafanya kazi. Kuna mafundi wanaing'oa eti inawasumbua. Inaniuma sana nikiona hivyo.

MWALIMU: Na mkaratusi ulioinama?

FUNDI: Huo si wa mwanafunzi. Upande wa nyuma umekazwa sana. Ukiukata kwa pupa, shina linapasuka kwenda juu na kipande kinakurukia kifuani. Mwite mkataji mwenye uzoefu. Na mti ulio karibu na nyaya, ongea na Kenya Power kwanza.

MWALIMU: Sisi wenye miti tufanyeje?

FUNDI: Acheni kuwalipa vijana kwa idadi ya miti. Wakilipwa hivyo, watakata hata jioni upepo wa mvua ukishaanza, ili wafikishe hesabu. Walipeni kwa siku, waanze asubuhi kukiwa kumetulia. Halafu mti wa kwanza ukianguka, nendeni mtazame kisiki. Mkikuta ule ukanda wa nyuzi zilizochanika, ndiyo ile bawaba, umenyooka na unene sawa, waacheni waendelee. Kama haupo, wasimamisheni siku hiyohiyo.

MWALIMU: Nina mikaratusi sita nyuma ya nyumba. Vijana wanaokuja kuikata Jumamosi nitawaambia hivyo, na mabinti zangu watakuja kutazama kisiki.

FUNDI: Wasimame mbali mpaka mashine izimwe, Mwalimu.