Kidani cha Kifuu: Pembe Nane za Kilwa na Chale za Bibi

Karibuni sana, ndugu watazamaji. Niko Mikindani, Mtwara, barazani kwangu, na hapa mezani pana nusu ya kifuu cha nazi niliyoitoa jikoni juzi, baada ya kukuna nazi ya mchuzi wa samaki. Mkitazama kwa ndani mtaona alama za meno ya mbuzi bado zimo. Katika video hii nitawaonyesha, hatua kwa hatua, namna ya kukifanya kifuu hiki kiwe kidani cha kuvaa shingoni, lakini kabla ya kushika msumeno nitawaonyesha namna ya kupata umbo na mchoro wake kutoka katika sanaa ya huku kwetu kusini. Sehemu hiyo ya kutafuta ndiyo inayorukwa na wengi, nami nawaombeni msiiruke, kwa sababu kukata kifuu mtu hujifunza kwa siku moja, lakini kujua akikate kwa umbo gani ndiko kunakofanya kidani kiwe chake yeye, kisiwe nakala ya kile alichokiona kwenye simu.

Chukueni daftari lisilo na mistari na penseli laini. Mnapokwenda kutazama kitu cha sanaa, kiwe kinyago, mlango wa nakshi au gofu la kale, simu ibaki mfukoni kwanza. Picha ya simu hubeba kila kitu kwa mara moja, na mkirudi nyumbani hamjui mlichokipenda kilikuwa kipi. Penseli hulilazimisha jicho lichague. Mimi hujiwekea sharti kwamba kila nilichokitazama nichore umbo moja tu au mstari mmoja tu, basi.

Ukurasa huu wa kwanza niliuchora Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi, nilipokwenda kuwasalimia ndugu wa upande wa mama. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981, na wageni wengi huuendea kwanza Msikiti Mkuu. Mimi nilikaa zaidi Husuni Kubwa, jumba lililojengwa kwa mawe ya matumbawe juu ya jabali la ukingoni mwa bahari, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye msafiri wa kale Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331. Ndani ya jumba hilo pana bwawa la kuogea lenye pembe nane. Nilizunguka ukingo wake taratibu nikizihesabu pembe, kisha nikakaa chini nikachora umbo hilo peke yake, bila ukuta, bila ngazi na bila bahari. Hilo ndilo umbo la kidani chetu.

Ukurasa wa pili niliuchora Newala, kwa bibi mzaa baba. Bibi yangu ni Mmakonde wa umri mkubwa, na usoni ana chale za zamani, zile Wamakonde wanazoziita dinembo: ngozi ilichanjwa kwa kisu kidogo, unga wa mkaa ukasuguliwa ndani ya jeraha, na mstari ukabaki mweusi wa kuelekea buluu hadi leo. Shavuni ana pembe tatu zisizofungwa, moja ndani ya nyingine, kama mapaa matatu yaliyopandana. Baada ya shikamoo na marahaba nilimwambia, "Bibi, naomba ruhusa nizichore chale zako nizitie kwenye kidani." Akanishika kidevu, akaugeuzia uso wangu kwenye mwanga kama anayenitafutia mimi mahali pa kuchanja, halafu akasema, "Chora, mjukuu wangu, ila usichukue zote. Zangu niachie."

Ndiyo maana mtaniona natumia zile pembe tatu za shavuni tu, na mengine yote yaliyo usoni pake sikuyagusa. Chale hizo zililipiwa kwa maumivu, na aliye hai anaweza kuombwa ruhusa. Asiye na bibi wa kumwomba anaweza kujifunza mistari ya namna hiyo kwenye vinyago vya mapiko, ile sura ya kuvaliwa na mcheza ngoma, ambayo wachongaji huitia chale zilezile, mara nyingine kwa kubandika nta ya nyuki ili mstari uinuke juu ya mti.

Sasa tutengeneze kielelezo cha karatasi. Kateni karatasi ya mraba yenye upande wa sentimita 6. Ikunjeni katikati, ikunjeni tena katikati ipatikane robo, kisha ikunjeni kwa mshazari mkianzia kwenye ile kona ambayo ndiyo kitovu cha karatasi nzima. Mmepata pembetatu nyembamba. Kutoka kwenye kitovu hicho pimeni sentimita 2 kando ya mkunjo mmoja, na sentimita 2 kando ya mkunjo wa pili, unganisheni alama hizo mbili kwa rula na mkate kwa mkasi. Fungueni. Tazameni: pembe nane zilizo sawa, na kidani chenye upana wa sentimita 4 kutoka pembe hadi pembe iliyo mkabala nayo. Nawashauri msizidi hapo, kwa sababu kifuu kimejipinda, na kipande kikiwa kikubwa mpindo huonekana sana na kidani hakitulii kifuani.

Kifuu chenyewe kiwe cha nazi iliyokomaa, kigumu, chenye rangi ya kahawia iliyoiva, kisicho na ufa. Kigongeni kwa ukucha. Kizima hulia kwa sauti kavu, na chenye ufa hulia sauti iliyopasuka hata kama ufa wenyewe hauonekani. Kilowekeni majini usiku mmoja ili mabaki ya nyama yalegee, kikwangueni ndani na nje kwa kisu butu mpaka nyuzi za makumbi ziishe, kisha kianikeni kivulini siku tatu. Msikiweke juani, kwa kuwa jua la huku hukikausha upande mmoja upesi kuliko mwingine kikapasuka. Bandikeni kielelezo upande wa nje, mbali na yale macho matatu, ambako unene ni wa kuaminika zaidi.

Hapa nawaombeni mnisikilize kwa makini. Watu wengi hukata umbo kwanza ndipo watoboe tundu, nami nilifanya hivyohivyo kwa muda mrefu. Kidani changu cha kwanza kilichofikia mwisho, kikiwa kimeshapigwa msasa na kuchorwa, kilipasuka mkononi nilipokitoboa, kuanzia tundu hadi ukingoni, na kazi ya siku mbili ikaishia hapo. Sababu ni kwamba kipande kidogo hakina mwili wa kuhimili nguvu ya keekee. Kwa hiyo toboeni sasa, kifuu kikiwa bado kikubwa. Wekeni alama ndani ya kielelezo, milimita 5 kutoka ukingo wa juu, kilazeni kifuu juu ya kitambaa kilichokunjwa ili kisiteleze, na mzungushe keekee yenye ncha ya milimita 2 polepole bila kukandamiza. Ncha ikianza kuchungulia upande wa pili, geuzeni kifuu na mmalizie kutokea huko. Mnaliona tundu hili? Kingo zake ni safi pande zote mbili.

Vaeni barakoa kabla ya kuendelea, kwa sababu vumbi la kifuu ni laini mno na halifai kuvutwa kifuani. Kwa msumeno mwembamba wa chuma kateni milimita 2 nje ya mstari, upande mmoja baada ya mwingine, na msijaribu kukata penye mstari wenyewe. Zile milimita 2 zitaondolewa na tupa. Kisukumeni kipande kwenye tupa kwa mwendo wa kwenda mbele tu, mkikilinganisha na karatasi kila baada ya mara chache, hadi pembe nane zitimie.

Msasa utumike kwa daraja: namba 120 kuondoa alama za tupa, 240 kulainisha, na mwisho 400 ule wa kutumia na maji. Msiwe na haraka kwenye 400. Sogezeni kamera yenu ya jicho karibu hapa: kifuu kilichokuwa kinaonekana kama kipande cha gome kimeanza kuonyesha vidoadoa na mishipa myembamba ya rangi ya asali iliyokuwa imejificha chini ya kahawia. Kila kifuu kina mishipa yake, na mara nyingi mimi huamua upande gani uwe juu baada ya kuiona.

Twende kwenye mchoro. Kwa penseli choreni pembe tatu zisizofungwa, moja ndani ya nyingine, ncha zikielekea juu kwenye tundu, na acheni milimita 3 kati ya mstari na mstari. Halafu chukueni tupa ndogo ya pembe tatu na mtumie kona yake kuchimba mfereji juu ya kila mstari. Pitisheni mara ya kwanza kwa wepesi kabisa, kama mnaoandika, ili tupa ipate njia, kisha rudieni mpaka kina kifikie kama nusu milimita. Mkono ukiteleza msifute kosa kwa kuongeza mstari mwingine; rudini kwenye msasa.

Katika dinembo rangi ilikuwa ya mkaa, lakini kifuu kimekolea rangi tayari na mkaa haungeonekana, kwa hiyo mimi nimegeuza, natumia chokaa. Changanyeni unga wa chokaa na gundi nyeupe ya mbao mpaka upatikane uji mzito, vaeni glavu, usugueni ndani ya mifereji kwa kidole, futeni ziada kwa kitambaa chenye unyevu, na mwache kikauke hadi kesho. Mkirudi, msasa wa 400 utaondoa weupe uliobaki juu na mistari itajitokeza. Baada ya hapo tu ndipo mpake mafuta ya nazi, matone mawili kwenye kitambaa, kwa maana mafuta yakitangulia gundi haishiki tena.

Kilichobaki ni uzi. Natumia uzi wenye nta wa mafundi viatu, sentimita 90, uliokunjwa katikati na kupitishwa tunduni kwa kitanzi. Kila upande naweka shanga tatu za mpingo, na nyuma ya kila shanga fundo moja, ili shanga zikae mahali pake zisigongane. Shanga hizi nilizinunua kwa mzee mchongaji wa hapa mjini, aliyezitengeneza kwa vipande vilivyobaki kwenye vinyago. Nawasihi mtafute mabaki ya namna hiyo badala ya kukatiwa gogo jipya, kwa kuwa mpingo huchukua miongo mingi kukomaa, na mti huohuo unatafutwa duniani kote kwa kutengenezea klarineti. Mwenye kupenda rangi anaweza kuingiza shanga moja nyekundu au ya manjano. Nikitaka ujasiri wa rangi hutazama kazi za George Lilanga, mchoraji na mchongaji, mwana wa kusini aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, ambaye mashetani yake yamevikwa rangi kali bila woga. Ila kwa kidani hiki mimi naona nyeusi inatosha, kwa sababu ile mistari myeupe ndiyo inayopaswa kuonwa kwanza.

Malizieni kwa fundo la kuteleza nyuma ya shingo ili urefu uweze kubadilishwa. Juu ya kanga au kitenge chenye maua mengi kidani hiki hupotea. Nakivaa juu ya gauni la rangi moja, au shati jeupe, na uzi naufupisha mpaka pembe nane zikae chini kidogo ya mfupa wa shingo, ambapo mtu anayeongea nami anaweza kuziona na kuuliza.

Nusu ya kifuu tuliyoanza nayo bado ina nafasi ya hereni mbili za sentimita 2 kila moja. Zitoboeni kabla ya kuzikata.